2JZ iliyojengwa upya ndani ya Hilux ya barabarani: tathmini ya kazi inayouzwa na karakana za Dar

Kifurushi kinachopimwa hapa ni hiki: injini ya Toyota 2JZ-GTE iliyofunguliwa na kujengwa upya kwa pistoni na koni rodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) za foji, yaani zilizofuliwa badala ya kumiminwa, tabo (turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi) moja kubwa mahali pa zile mbili za kiwandani, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya kutyuniwa kwa laptopu, na gia boksi ya R154. Vyote vinafungwa kwenye Hilux ya kebini moja iliyotoka kiwandani na dizeli ya 2L, 3L au 5L. Lengo ni farasi 500 kwenye kranki, gari ishindane Jumamosi na Jumatatu isimame kwenye foleni ya Ubungo bila kuchemsha.

Tuseme hukumu mapema. Injini hii inastahili sifa zake. Kazi ya kuifunga ndiyo inayofeli, na mara nyingi inafeli kwa mambo ambayo hayaonekani ukifungua boneti: vipimo vya ndani, mfumo wa petroli, joto na waya. Mteja anaangalia tabo inang'aa, analipa. Beringi hazing'ai.

Kwanza chombo chenyewe. 2JZ-GTE ilitoka mwaka 1991 kwenye Aristo, kisha ikaingia kwenye Supra. Ni silinda sita za mstari, ujazo wa cc 2997, kipenyo mm 86 na mwendo wa pistoni mm 86, mgandamizo 8.5 kwa 1, bloku ya chuma cha kumimina yenye beringi kubwa saba, na nozeli ndogo zinazorushia oili chini ya pistoni ili zisiyeyuke. Ya soko la Japani iliandikwa farasi 280, ya kuuzwa nje 320. Tofauti moja inatuhusu sana sisi tunaonunua injini za mtumba kutoka Japani: tabo za Kijapani zina gurudumu la upande wa ekzosi la kauri, za nje zina la chuma. Kauri ni nyepesi na inaitika haraka, lakini ukiipandishia presha kupita kiasi inapasuka, na vipande vinaishia kwenye ekzosi. Ndiyo maana kubadili tabo ni sehemu ya lazima ya kifurushi hiki kwa anayetaka farasi 500. Anayekwambia atazifikisha tabo za kauri huko anakuuzia tatizo.

Je, pistoni za foji ni lazima kwa farasi 500? Hapana, kama injini ni nzima. Kranki, bloku na koni rodi za kiwandani zinabeba kiwango hicho. Lakini injini ya mtumba haina historia: hujui ilichemshwa mara ngapi wala oili ilibadilishwa lini. Utaifungua tu. Ukishaifungua ukakuta silinda zimelika, utariboa, yaani utazitanua, na ukiriboa utanunua pistoni mpya hata hivyo. Hapo ndipo foji inapoleta maana, kwa sababu nyongeza ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kufungua mara ya pili. Riboo ya mm 86.5 inatosha, inakupa cc 3032. Kwenda 87 bila sababu ni kula nyama ya bloku ambayo utaihitaji siku nyingine.

Ukienda Gerezani au Ilala kutafuta injini, usidanganywe na kifuniko cha juu. 2JZ-GE, isiyo na tabo, inafanana nayo kwa mbali na ni rahisi kupatikana, ila ina mgandamizo wa karibu 10 kwa 1. Fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) utazame kama zile nozeli za oili zipo chini ya silinda, na uangalie tundu za oili na maji za tabo ubavuni mwa bloku. Ikiwa injini bado ipo kwenye noskati (pua ya gari iliyokatwa) na inawaka, pima kompresheni ikiwa ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kiwango cha kiwandani ni karibu bar 10.8, cha chini kabisa 8.8, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Angalia pia puli ya kranki. Ina raba katikati ya chuma viwili, na raba ya miaka thelathini inaachia: pete ya nje inateleza, mtetemo haumezwi tena, na kinachofuata ni pampu ya oili kupasuka gia zake, kwa kuwa inaendeshwa moja kwa moja na kranki. Puli mpya haina mjadala, wala pampu mpya ya oili.

Sasa vipimo, na hapa ndipo tunapotofautisha karakana na karakana. Kranki ya 2JZ ina shingo kubwa za mm 62 na shingo za koni rodi za mm 52. Kwa injini ya mbio inayotumia oili ya 10W-40 au 15W-50, nafasi ya oili kwenye beringi kubwa iwe mm 0.05 hadi 0.06, na kwenye koni rodi mm 0.045 hadi 0.055. Ikibana zaidi, oili haipiti vya kutosha kupoza, beringi inashika. Ikilegea zaidi, presha inaanguka injini ikiwa ya moto. Vipimo hivi havichukuliwi kwa kuzungusha kranki kwa mkono na kusema "iko laini". Vinachukuliwa kwa maikromita kwenye shingo na geji ya saa ndani ya tundu, beringi zikiwa mahali pake na vifuniko vimekazwa kwa nguvu kamili. Uzi wa plastiki wa kupimia unafaa kuhakikisha, si kuamua.

Nafasi ya pistoni na silinda inategemea aina ya aluminiamu. Aloi ya 2618, ngumu kwa mbio, inavimba zaidi ikipata joto, hivyo inataka kama mm 0.08 hadi 0.10. Aloi ya 4032 inataka kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayotawala, na fundi wa kuriboa apewe pistoni zenyewe mkononi kabla ya kugusa bloku, kila moja ipimwe na ipewe silinda yake. Riboo inayofanywa kabla pistoni hazijafika ni kubahatisha. Mwulize pia kama anakaza bamba nene juu ya bloku wakati wa kuhoni, yaani kusugua silinda kwa ndani: bolti za hedi zikikazwa zinavuta silinda kidogo, na silinda iliyohoniwa bila bamba inakuwa ya duara mezani lakini ya yai ikishafungwa.

Mdomo wa ringi ya juu, yaani pengo kati ya ncha zake, uwe mm 0.45 hadi 0.50, wa ringi ya pili 0.50 hadi 0.55. Kosa tunalolikuta zaidi ni ringi kutolewa kwenye boksi na kuvalishwa kama zilivyo. Ringi ikikosa nafasi ya kutanuka, ncha zinagusana, inabana silinda na kung'oa ukingo wa pistoni. Mteja anaambiwa "petroli mbaya". Petroli haikuhusika.

Kukaza kwa bolti za kiwandani: vifuniko vya beringi kubwa Nm (nyutoni mita) 44 kisha zungusha nyuzi 90, koni rodi Nm 29 kisha nyuzi 90, hedi Nm 34, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje. Ukitumia stadi (skrubu ndefu za nati) za kampuni ya ARP au bolti za koni rodi za foji, namba hizi hazihusiki kabisa. Zinafuata namba za karatasi yake na grisi yake. Kukaza ARP kwa oili ya injini wakati karatasi inataka grisi yake kunabadilisha nguvu halisi inayofika kwenye stadi, na hedi itaanza kupumua maji kwenye presha ya bar 1.

Kwa hiyo sharti letu la kwanza kwa karakana yoyote ni karatasi ya vipimo: beringi kubwa saba, koni rodi sita, pistoni sita, ringi za kompresheni kumi na mbili, kila moja na namba yake. Fundi anayeiandika anapata alama zote kwetu hata kama gereji yake ni bati na sakafu ya mchanga. Asiyeiandika, usimpe kazi, hata akiwa na tailizi.

Kuifunga kwenye Hilux kuna mambo ambayo video za Wamarekani hazitakuonyesha, kwa sababu wao wanaendesha upande wa kushoto wa gari. Tabo ya 2JZ inakaa kulia. Kwetu kulia kuna shafti ya usukani, servo ya breki (inayopunguza uzito wa pedali) na silinda yake. Manifoldi inayoweka tabo chini itagombana na usukani. Inayoiweka juu itachoma servo. Chaguo bora ni tabo ya juu mbele, mbali na ukuta wa kebini, bomba la ekzosi lifungwe kitambaa cha joto, na bati la kinga lisimame kati yake na silinda ya breki likiwa na nafasi ya hewa kila upande. Maji ya breki yakichemka pedali inazama, na hilo halitokei gereji, linatokea mwisho wa mbio ukiwa kasi kubwa.

Kuna jambo jingine la dizeli linalosahaulika karibu kila mara. Hilux ya 2L na jamaa zake inapata vakyumu ya breki kutoka pampu iliyoko nyuma ya alteneta. Ukitoa injini hiyo, pampu imeondoka nayo. Servo sasa inyonye kutoka manifoldi ya hewa, na kati yake lazima pawe na valvu ya njia moja. Bila valvu hiyo, tabo ikisukuma, presha inaingia kwenye servo na breki inakuwa ngumu kama jiwe.

Injini hii ni ndefu. Kabla ya kuchomea mikono ya chesisi, weka injini na gia boksi pamoja, sampu imefungwa, rejeta na feni mahali pake, halafu ndipo utafute nafasi. Tumbo la sampu lisiguse boriti ya mbele hata injini ikijikunja. Acha angalau mm 15. Sampu nyingi zinahitaji kukatwa na kuchomewa upya. Hiyo ni sawa, mradi bomba la kunyonyea oili libaki mm 8 hadi 10 juu ya sakafu yake, na kuwe na kuta za ndani zinazozuia oili kukimbilia nyuma gari likiondoka kwa nguvu.

R154 ni chaguo sahihi. Inaingia moja kwa moja kwa kengele (ganda linaloiunganisha na injini) ya 1JZ, ni ya ukoo mmoja na gia boksi za R za Hilux, na inabeba farasi 500 ikitendewa haki. W58, gia boksi nyingine ya Toyota, ni nafuu na itavunjika. Uwiano wa R154 ni 3.25, 1.955, 1.31, 1 na 0.753, na hapo difu ya dizeli inakuwa swali. Kwa tairi za 225/70R15, zenye mzunguko wa kama mita 2.19, difu ya 4.556 inakupa km 154 kwa saa gia ya tatu kwenye mizunguko 7000. Ya 4.10 inakupa km 171. Kwa mbio fupi, 4.10 inakuokolea kubadili gia kabla ya mstari wa mwisho. Nyuma ya Hilux ni nyepesi, na 4.556 yenye farasi 500 itachezesha tairi gia mbili za kwanza, basi. Chukua 4.10, na tafuta difu ya inchi 8 yenye pinioni nne.

Pembe za propela zisikadiriwe kwa macho. Mkia wa gia boksi na pua ya difu viwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na krosi zifanye kazi kwenye nyuzi 1 hadi 3. Springi za bapa zinajikunja ukiondoka kwa nguvu, pua ya difu inainuka, kwa hiyo weka vyuma vya kuzuia ekseli kujizungusha. Gari likiwa limeshushwa nyuma, kumbuka ile valvu ya breki inayopima mzigo: mkono wake utadhani pikapu imebeba na kupeleka presha nyingi nyuma, tairi za nyuma zitafunga. Rekebisha mkono.

Petroli. Hesabu ni rahisi na kila fundi aifanye mbele yako. Injini ya tabo inakula karibu gramu 272 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Farasi 500 ni kilo 136, yaani karibu lita 183 kwa saa. Gawanya kwa injekta sita, uache injekta zisizidi asilimia 85 ya muda wao: unapata takriban cc 600 kwa dakika kila moja, presha ya msingi ikiwa bar 3. Nunua za 700 hadi 1000 upate akiba. Pampu ya lita 255 inaonekana inatosha kwa karatasi, lakini namba hiyo si ya presha utakayoitumia. Tabo ikisukuma bar 1.2, pampu inasukuma dhidi ya bar 4.2 na mtiririko unashuka. Weka ya lita 340 au 450, waya wake uwe mnene na relei yake mwenyewe kutoka kwenye betri.

Tangi la dizeli halikujengwa kwa kazi hii. Lisafishwe kabisa, hosi zote zibadilishwe kwa zile za injekshini, na liongezewe tangi dogo la lita 2 linalojaa muda wote, kwa sababu ukiondoka na robo tangi petroli yote inakimbilia nyuma na pampu inanyonya hewa. Sekunde moja ya mchanganyiko mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo) kwenye presha kamili inatosha kutoboa pistoni ya bei yoyote. Kichujio cha maikroni 100 kabla ya pampu, cha 10 baada yake.

Joto la Dar linataka heshima yake. Hewa ya nyuzi 32 ikibanwa hadi bar 1.2 inatoka kwenye tabo ikiwa karibu nyuzi 135. Intakula (kipoza hewa) iishushe chini ya 55, na ikishindwa, taimingi (wakati wa cheche) irudishwe nyuma na kontroli boksi yenyewe. Rejeta ya aluminiamu yenye unene wa mm 50 na zaidi, feni mbili za kuvuta zilizofungwa kwenye boksi linalofunika rejeta yote, kila feni na relei na fyuzi yake. Usimruhusu fundi atoe themostati. Kwenye 2JZ themostati pia inafunga njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kwenye foleni ileile ya Ubungo. Weka mpya ya nyuzi 82. Na maji ya kisima ya pwani yana chumvi, yanakula aluminiamu. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke pamoja na kulanti.

Waya, kwa ufupi: viungio vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira wa joto, kwa kuwa unyevu na chumvi ya hapa vinageuza shaba kuwa kijani ndani ya miezi. Nyaya mbili nene za ethi kutoka injini, moja kwenda chesisi na moja kwenda betri. Kontroli boksi iwekewe ulinzi wa kuzima injini presha ya oili ikishuka au mchanganyiko ukiwa mkavu. Karakana ikikufungia kontroli boksi ya kisasa bila sensa ya presha ya oili, imekuuzia nusu ya bidhaa.

Kuwasha mara ya kwanza: plagi nje, injekta zimechomolewa, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Kisha ndipo washa, kwa oili ya madini ya kawaida. Mwaga baada ya dakika 30, mwaga tena km 500. Baada ya hapo, presha ya oili injini ikiwa ya moto iwe angalau bar 0.7 kwa kila mizunguko 1000. Plagi ziwe za namba 7 kwa hesabu ya NGK, ambayo ni baridi kuliko 6, na pengo la mm 0.7. Tyuni ifanyike kwa petroli ya pampu unayoitumia kila siku, maana ethanoli ya E85 haiuzwi kwenye vituo vyetu. Kwenye presha kamili, mchanganyiko uwe 11.5 kwa 1, na taimingi ipandishwe kidogo kidogo fundi akisikiliza kwa hedfoni kama petroli inalipuka kabla ya wakati. Ukipeleka gari Arusha, mita kama 1400 juu, tabo italazimika kuzunguka kasi zaidi kufikia presha ileile. Punguza presha huko, usiifuate namba ya pwani.

Kwa upande wa karatasi, namba ya injini inabadilika, pia mafuta na ujazo, hivyo kadi ya gari irekebishwe TRA, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi. Mashindano yenyewe yafanyike yale yaliyoandaliwa, na AAT, chama cha magari cha Tanzania, ndiyo yenye mamlaka ya mchezo huu nchini. Uliza masharti yao ya ukaguzi kabla hujachomea fremu ya kebini, maana kipenyo na unene wa bomba vikikosewa unaikata yote.

Malipo tunashauri hivi: theluthi kwa vifaa, theluthi baada ya karatasi ya vipimo, theluthi ya mwisho baada ya gari kukaa kwenye foleni dakika 40 saa nane mchana na geji ya maji isivuke 95. Baada ya km 1000 rudi ukapimiwe tapeti (nafasi kwenye valvu) injini ikiwa baridi: valvu za hewa mm 0.15 hadi 0.25, za ekzosi mm 0.25 hadi 0.35. Fungua na kichujio cha oili kwa msumeno, ukunjue karatasi yake kwenye mwanga wa jua. Unga mdogo wa kijivu ni wa kawaida kwa injini mpya. Vipande vya rangi ya shaba ni beringi, na gari lisiwashwe tena hapo.